Mapanki ya Pandora

Tangu Avatar ya James Cameron ilipoanza kuonyeshwa Desemba 2009, hukumu juu yake imekuwa ile ile karibu kila ilikofika: picha za ajabu, hadithi ya zamani. Wahakiki wa Marekani walisema hivyo mapema, wa Uingereza wakaitikia, na hata walioipenda kupita kiasi huanza kuitetea kwa kukubali kwamba kisa chake walikwishakisikia mahali. Sina ugomvi na hukumu hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba inamchukulia kila aliyeiona Avatar kuwa aliziona picha zake.

Hapa Nyamagana, Mwanza, wengi wetu hatukuziona. Avatar tuliyoipata sisi ni ya vibanda umiza vya Mabatini, Igogo na Mkuyuni: televisheni ya chogo juu ya kabati, mabenchi, pazia zito mlangoni, na nakala iliyorekodiwa kwa kamera ya mkononi ndani ya ukumbi wa nchi za watu, ambamo mara kwa mara kichwa cha mtazamaji kinakatiza mbele ya msitu. Bluu ya Wanavi, wenyeji wa dunia ya kubuni ya Pandora, ilikuwa imefifia mpaka ikakaribia kijivu. DVD halisi ilipotoka Aprili 2010, ikatufikia ndani ya zile sahani za muvi nane kwa pamoja, zilizobanwa hadi majani ya Pandora yakawa viraka viraka. Wala hatukuwa peke yetu. Kwa hesabu za TorrentFreak, Avatar ndiyo filamu iliyopakuliwa kiharamia kuliko zote duniani mwaka 2010, zaidi ya mara milioni 16.

Mgawanyo wa namna hii Mwanza tunaujua vizuri. Kiwandani sangara anachunwa minofu, minofu inawekwa kwenye barafu na kusafirishwa Ulaya, na mapanki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, yanabaki hapa yakaangwe na kuuzwa. Avatar nayo ilikuja hivyo hivyo: minofu yake ililiwa kwenye kumbi kubwa za London na Los Angeles, sisi tukaletewa mifupa. Ndiyo maana naamini mtazamaji wa kibanda umiza ana haki ya kusikilizwa katika mjadala huu kuliko mhakiki aliyevaa miwani ya pande tatu. Yule wa ukumbini alikuwa anameza uzuri na kisa kwa pamoja, akashindwa kujua kipi kilimshibisha. Sisi tulipewa kisa kitupu.

Hata hivyo minofu ipewe haki yake. Cameron aliandika muhtasari wa kisa hiki mwaka 1994, kurasa kama 80, akauweka kabatini kwa sababu kompyuta za wakati ule zisingeweza kumtengeneza mtu wa bluu anayeaminika. Akaenda kutengeneza Titanic, ikatoka 1997 na kuchukua tuzo 11 za Oscar, kisha akarudi kwenye kabati lake. Tatizo alilolikuta ni macho. Watu wa kompyuta waliokuwa wameonekana kwenye sinema hadi hapo walikuwa na macho ya maiti, hata kama nywele zao zilipepea vizuri. Alichofanya ni kumvisha kila mwigizaji kofia yenye kijikamera kilichoning'inia mbele ya uso, kikirekodi kila kope na kila mkunjo wa mdomo. Kisha mafundi wa Weta Digital, Wellington, New Zealand, wakauhamisha uso huo kwenye umbo la Mnavi. Mtazame Neytiri, aliyeigizwa na Zoe Saldaña, anapokasirika: hasira inaanzia puani, inapanda masikioni, na meno yanaonekana kabla hajatamka neno. Kazi hiyo ndiyo iliyokula fedha, dola milioni 237 kwa takwimu rasmi, na ndiyo iliyozirudisha, kwani pamoja na marudio yake filamu imekwisha kuingiza zaidi ya dola bilioni 2.9. Hakuna filamu iliyoingiza zaidi.

Tuzo za Oscar za Machi 2010 zilitoa hukumu yao kwa namna ya kuchekesha kidogo. Avatar iliteuliwa mara tisa na kushinda tatu: usanifu wa mandhari, upigaji picha na athari za kuona. Kwenye kipengele cha uandishi haikuteuliwa kabisa. Tuzo ya filamu bora ilikwenda kwa The Hurt Locker ya Kathryn Bigelow, aliyewahi kuwa mke wa Cameron, filamu iliyogharimu dola kama milioni 15.

Kuna jambo jingine linaloonyesha jasho lilimwagwa wapi. Mwanaisimu Paul Frommer wa Chuo Kikuu cha Southern California aliajiriwa kuwatungia Wanavi lugha nzima, yenye sarufi yake na msamiati wa maneno kama elfu moja. Kazi nzuri, na wako watu huko nje wanaoizungumza. Kibandani haikuleta tofauti yoyote, maana kwa wengi wetu Kinavi na Kiingereza vilikuwa vigeni kwa kiwango kinachokaribiana.

Sasa mifupa. Mwaka ni 2154. Stelingi wetu ni Jake Sully, askari aliyepooza miguu, anayepelekwa Pandora kuchukua nafasi ya pacha wake aliyekufa. Kampuni inataka unobtanium, madini yenye thamani kubwa, na shehena nono kuliko zote iko chini ya mti mkubwa ambamo ukoo wa Omaticaya unaishi. Jake anapewa mwili wa Mnavi anaouongoza kwa akili akiwa amelala kwenye mashine, anatumwa kupeleleza, anampenda binti wa mkuu wa ukoo, anageuka. Kanali Quaritch anauangusha mti. Jake anamtiisha Toruk, ndege mkubwa ambaye kila mtu anamwogopa, anaunganisha koo zote, vita vinapiganwa, na wanapoelekea kushindwa, Eywa, mungu wao, anawaamsha wanyama wa msituni kuja kuwasaidia. Wavamizi wanafukuzwa. Jake anakuwa Mnavi moja kwa moja. Kijana yeyote aliyekulia kwenye benchi la kibanda, anayejua kwamba stelingi hauawi na adui lazima afe mwisho, angeweza kukusimulia nusu ya pili ya filamu baada ya kuona nusu ya kwanza.

Waliotafuta asili ya kisa hiki hawakupata shida. Wengi walitaja Dances with Wolves ya 1990, ambamo askari wa Marekani anahamia kwa Wahindi Wekundu. Wengine FernGully ya 1992, msitu unaotaka kukatwa. Wengine Pocahontas ya 1995. Waliosoma zaidi wakamtaja Poul Anderson na hadithi yake ya 1957, Call Me Joe, yenye mlemavu anayeongoza kwa akili mwili uliotengenezwa kwa ajili ya sayari ya Mshtarii. Cameron mwenyewe hakuficha kwamba alilelewa na riwaya za Edgar Rice Burroughs za miaka ya 1910, zenye askari wa dunia anayekwenda Mirihi na kumpenda binti wa mfalme. Watu kadhaa walimshtaki mahakamani huko Marekani kwa madai ya kuibiwa hadithi, na mahakama zikayatupa madai yao. Ilikuwa sawa. Huwezi kumwibia mtu kitu kilicho mali ya kila mtu.

Hapo ndipo ninapoachana na wahakiki wengi. Wanazungumza kana kwamba uzee wa kisa ni kosa lenyewe. Watu wa kanda hii hawawezi kukubaliana nao kwa urahisi, kwa sababu tumekulia ndani ya hadithi ambazo kila msikilizaji anajua mwisho wake. Mtoto wa Kisukuma hasimuliwi habari za Shing'weng'we ili ashangae itakavyoisha. Zimwi linameza watu wote na ng'ombe wote wa dunia. Anabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Anajifungua Masala Kulangwa. Kijana anakua, anamwuliza mama yake watu wako wapi, anakwenda kulitafuta zimwi, analiua, analipasua tumbo, watu wanatoka. Bibi akifika hapo wajukuu wanajua kila kitu kinachofuata na bado wanasogea karibu.

Ila kuna sikio. Katika hadithi ya Masala Kulangwa, kisu kinapopasua tumbo la zimwi, kwa bahati mbaya kinakata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Watu wote wametoka, ngoma imeanza, na huyu mmoja anatoka na kidonda na hasira. Hashukuru. Anamtafutia mkombozi wake uchawi amwangamize, na Masala Kulangwa, aliyemshinda zimwi, inambidi sasa atafute dawa ya kumponya bikizee kabla hajatambuliwa kuwa mtemi. Uzito wa hadithi, kwangu mimi, uko katika sikio hilo. Zimwi liko kwenye hadithi za makabila mengi ya Afrika. Bikizee asiyeridhika, ambaye ana haki ya kutoridhika, ndiye anayeifanya hadithi iendelee kusumbua baada ya moto kuzimwa.

Mfano wa pili umeandikwa na uko madarasani. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, hakukuwa na Mtanzania asiyejua Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliishaje. Maji ya dawa waliyopewa wapiganaji hayakuzigeuza risasi. Tamthilia haikuwa na siri ya kuficha kuhusu nani atashinda, na mtu wa haraka angeweza kuiita hadithi isiyo na jipya. Hussein aliweka jipya lake ndani ya kichwa cha shujaa: je, mtu aliyewaunganisha watu kwa imani ambayo yeye mwenyewe ameanza kuitilia shaka, afanye nini? Akisema ukweli, umoja unavunjika. Akinyamaza, wanakwenda kufa. Wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakilijibu swali hilo kwenye mitihani kwa miongo kadhaa na halijaisha.

Ukiipima Avatar kwa vipimo hivyo viwili, tatizo lake linaonekana mahali pengine kabisa. Imechukua kisa cha zamani na kukitoa sikio. Wanavi wanakwenda vitani kwa mishale dhidi ya mizinga wakimtegemea Eywa, na Eywa anaitika. Hakuna hata mmoja wao anayejiuliza itakuwaje asipoitika. Hakuna bikizee anayelaumu kwamba mgeni huyu, ambaye juzi alikuwa anapeleka taarifa za mti wao kwa kanali, leo amepewa uongozi kwa sababu amepanda ndege mkubwa. Tsu'tey, kijana aliyekuwa ameandaliwa kuwa mkuu, ana sababu zote za kumchukia Jake, na filamu inamruhusu kuchukia kwa dakika kadhaa tu kabla ya kumpa nafasi ya kumtafsiria hotuba.

Na kwamba kisa hiki hiki kinaweza kusimuliwa kikiwa na sikio, Mmarekani mmoja alikwishakuonyesha. Ursula Le Guin aliandika The Word for World Is Forest mwaka 1972: sayari ya misitu, wenyeji wadogo wenye manyoya ya kijani, watu wa dunia waliokuja kukata magogo, kapteni katili, msomi mwenye huruma. Ukisoma kurasa za kwanza unaona Pandora. Tofauti ni kwamba anayeongoza uasi ni mwenyeji, Selver, na yule msomi rafiki yake anakufa katika shambulio ambalo Selver mwenyewe ameliongoza. Wenyeji wanashinda. Lakini walikuwa watu wasioua, na sasa wamejifunza kuua, na Selver anajua kwamba elimu hiyo haitaondoka na meli za wavamizi. Kisa kile kile, na ukikifunga kitabu huna raha.

Kwa nini basi Cameron, ambaye si mjinga, alikata sehemu hiyo? Nadhani jibu liko kwenye zile dola milioni 237. Fedha kiasi hicho hazirudi bila kuuza tiketi Beijing, Mumbai, Moscow na São Paulo kwa wiki zile zile. Kisa ambacho kila mtu anakitambua hakihitaji maelezo, na kisichohitaji maelezo kinavuka mipaka bila kukwama. Kuna na sababu ya ufundi, ambayo naiheshimu zaidi. Jicho linapoonyeshwa ulimwengu ambao halijawahi kuuona, milima inayoelea, mimea inayowaka usiku inapokanyagwa, akili inahitaji pa kushikilia. Kisa kigumu juu ya picha ngeni kingemwacha mtazamaji amepotea mara mbili. Utetezi huo una mantiki, mradi umeketi ukumbini. Kibandani, ambako mimea haikuwaka, ulikuwa hauna kazi.

Lakini vibanda navyo havikupokea mifupa na kuitupa. Nenda kwa vijana wa Makoroboi wanaoingiza muvi kwenye flashi. Kompyuta moja, spika mbili, foleni ya simu zinazosubiri, na mafaili yamepangwa kwa majina ambayo chuo cha filamu hakiyafundishi: Kihindi, Kikorea, Mapigano, Zilizotafsiriwa. Mazungumzo ni mafupi.

"Kaka, niwekee ile ya watu wa bluu."

"Ya msituni au ya majini?"

"Yoyote, ila iwe imetafsiriwa."

Ombi la mwisho ndilo zito. Sanaa ya kutafsiri filamu kwa sauti juu ya sauti imeenea kanda nzima: Uganda wana mavijei wao, Kenya wana DJ Afro, na Tanzania jina la Lufufu wa Dar es Salaam lilikuwa linatosha kuuza kanda. Mwanaanthropolojia Mjerumani Matthias Krings ameandika kwa kirefu juu ya kazi hii, na anachokionyesha ni kwamba mtafsiri hafasiri maneno tu. Anaeleza, anatania, anaongeza methali, anampa adui jina la mtaani, anamwonya stelingi asipite mlango ule. Kwa filamu yenye hadithi nene huyo ni msumbufu. Kwa Avatar ni mgeni aliyekaribishwa, kwa sababu nafasi ya kujaza ni kubwa. Na mtafsiri wa Kanda ya Ziwa hana haja ya kutafuta mbali mfano wa kampuni inayokuja na karatasi zake kutaka ardhi iliyo juu ya madini.

Agosti 1996, maelfu ya wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, huko Kahama, waliondolewa kuipisha kampuni yenye mtaji wa Kanada. Mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji 2001 chini ya Barrick, na yaliyotokea siku zile za Agosti yanabishaniwa hadi leo. Mgodi wa Geita ulikuwa umetangulia mwaka 2000. Mtazamaji wa Igogo mwenye ndugu Geita au Kahama hahitaji kuambiwa unobtanium ni kitu gani.

Sehemu nyingine za dunia zilifanya vivyo hivyo, na kwa sauti kubwa zaidi. Januari 2010 Rais Evo Morales wa Bolivia aliisifu filamu kama kielelezo cha mapambano dhidi ya ubepari. Februari, Wapalestina wa kijiji cha Bil'in walijipaka bluu na kuandamana hadi kwenye ukuta uliojengwa na Israeli. Watetezi wa kabila la Dongria Kondh la India, waliokuwa wanaupigania mlima wao dhidi ya kampuni ya Vedanta, walimwomba Cameron msaada hadharani, na mwenyewe mwaka huo huo alikwenda Brazil kuungana na wapinzani wa bwawa la Belo Monte. Kisa chepesi huvaliwa na kila mtu. Kama Avatar ingekuwa na uzito wa Le Guin, nina shaka kama kuna mtu angejipaka rangi.

Hapa lazima niseme kinachonisumbua zaidi, na hakihusiani na Hollywood kuiga. Pandora hakuna Mnavi hata mmoja anayeyataka yale madini. Hakuna anayeuliza yanauzwaje, hakuna kijana wa ukoo anayetamani ajira ya kuendesha mtambo, hakuna ndugu wawili wanaogombana kuhusu fidia. Bulyanhulu walioondolewa walikuwa wachimbaji. Dhahabu waliitaka, walikuwa wakiitoa wenyewe kwa sururu, na ugomvi wao na kampuni ulikuwa nani aichimbe. Geita leo utamkuta mtu asubuhi analalamikia vumbi la mgodi na jioni anauliza kama mtoto wake anaweza kupata kazi huko huko. Hakuna unafiki hapo, ndiyo maisha yenyewe. Avatar inawapenda wenyeji mradi wasitake kitu. Kwa hiyo anayeitumia kama kioo cha Kanda ya Ziwa anajiona mzuri kuliko alivyo, na pia mnyonge kuliko alivyo.

Jiji hili lilikwishapata somo la picha nzito na hadithi iliyopikwa kabla, na safari hiyo mapanki yenyewe ndiyo yaliyokuwa nyota wa sinema. Darwin's Nightmare ya Mwaustria Hubert Sauper, iliyotoka 2004, ilipigwa hapa Mwanza: ndege za mizigo za Kirusi zikitua, minofu ikipakiwa, mapanki yenye funza yakianikwa juani, watoto wa mitaani wakinusa gundi. Ilishinda tuzo Ulaya na kuteuliwa kuwania Oscar ya 2006. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, na Mwanza kukafanyika maandamano ya kuipinga. Nimeitazama kwa makini. Picha zake ni za kweli. Funza wale walikuwepo. Ugomvi wa watu ulikuwa na uzi uliozishona, uzi wa Afrika isiyo na mtu anayefikiri wala kufanya biashara kwa akili zake, na dokezo la silaha zinazokuja na ndege zile bila kuonyeshwa zikishushwa Mwanza. Picha zilikuwa na nguvu kiasi kwamba watazamaji wa Paris hawakuudai uzi uthibitishwe. Filamu moja ni ya kubuni, nyingine ya maisha halisi, moja tamu kwa macho na nyingine chungu, na zote mbili zilitumia picha kuipitisha hadithi bila kukaguliwa.

Haki inanitaka nitaje Titanic pia, maana ndiyo iliyomtambulisha Cameron huku. Msichana tajiri, kijana maskini, meli inazama: kisa hakina jipya hata kidogo. Lakini ilifika Mwanza baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu kufa ndani ya ziwa tunaloliona kila siku. Waliozikwa kwa pamoja wako Igoma, kwenye wilaya ya Nyamagana hii hii. Sikumbuki mtu yeyote hapa aliyelalamika kwamba mapenzi ya Jack na Rose yamechakaa. Watu walikuwa wanaangalia maji yakipanda ngazi.

Sehemu ya pili ya Avatar, The Way of Water, ilitoka Desemba 2022 na kuingiza dola bilioni 2.3. Inawahamishia Jake na familia yake kwa watu wa pwani, na kwa mara ya kwanza kuna kitu kinachofanana na sikio lililokatwa: Neteyam, mtoto wake wa kwanza, anauawa, na ushindi hauwi sherehe. Kwa mkazi wa ukanda wa ziwa sehemu yenye kuumiza ni uwindaji wa tulkun, viumbe wakubwa kama nyangumi. Wanauawa kwa ajili ya kimiminika kidogo cha ubongoni kinachozuia uzee, na mzoga mzima unaachwa uelee. Sisi tuna mabondo. Bondo la sangara, kile kifuko cha hewa, linanunuliwa kwa ajili ya soko la China na Hong Kong kwa bei inayoiacha mbali bei ya minofu, na wavuvi siku hizi wanajua kabisa fedha iko wapi ndani ya samaki. Ila hapa hakuna mzoga unaoachwa uelee. Minofu ina mnunuzi, bondo lina mnunuzi, mapanki yana foleni. Cameron hakuweza kuwaza tamaa iliyo pamoja na njaa; tamaa yake ni ya matajiri peke yao.

Mwaka ule ule wa 2009 ilipotoka Avatar ya kwanza, Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya dakika 21, iliyoonyeshwa Sundance Januari 2010. Nayo inahusu wakati ujao, nayo ina mti. Vita vya maji vimekwisha, watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa wakichuja hata jasho na mkojo wao wapate maji ya kunywa, na Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo ambao mbegu inaota. Anatoroka kwenda kuipanda jangwani, anaimwagilia kwa maji yake ya mwisho na kuikinga jua kwa mwili wake. Hata huyu hakuvumbua kisa. Mtu anayejitoa ili kitu kiote ni wa kale kuliko maandishi. Lakini hakuna mungu anayetuma wanyama, hakuna mgeni wa kuokoa, na gharama anailipa aliyeamua. Kwenye mafaili ya Makoroboi sijawahi kuiona ikiuzwa, na hilo nalo ni sehemu ya jibu la swali la nani anasimuliwa nini.

Desemba 2025 ikaja ya tatu, Fire and Ash, na humo kuna kitu nisichokitarajia kwa Cameron. Anatokea ukoo wa Wamangkwan, watu wa majivu. Mlima wa moto uliteketeza makazi yao, Eywa hakuwaokoa, na wao wakamkana. Kiongozi wao, Varang, aliyeigizwa na Oona Chaplin, ndiye Mnavi wa kwanza katika filamu zote tatu mwenye sababu ya kusema kwamba maji hayazuii risasi. Imemchukua Cameron miaka 16 kulifikia swali ambalo Ebrahim Hussein aliliweka kitabuni mwaka 1969. Hussein alilitia kichwani mwa shujaa wake na kumwacha nalo hadi gerezani. Cameron amelitia mdomoni mwa adui, akamkabidhi adui huyo kwa Quaritch na bunduki zake, na kuanzia hapo hakuna tena mwenye nafasi ya kumjibu Varang, kwa sababu mapigano yameanza na ndege wako angani.